Mzigo Usio na Jina

Kama ningekuwa mtu wa kubuni, ningebuni kisa kinachonisifu. Hiki kilinipata mchana kweupe, katika kioski changu cha kuchajia simu, hapa Ndosho, Goma.

Nilijifundisha mwenyewe kutengeneza mchezo wa simu. Ndani yake mama anakimbia vita kutoka Sake hadi kambi ya Mugunga, mgongoni ana mzigo wa kitenge. Mchezaji haambiwi kwamba ndani ya kitenge kuna mtoto. Njiani rangi inafifia polepole, na aliye makini ataelewa kwamba mtoto anakufa. Mama yule ni dada yangu Riziki. Mtoto ni Furaha wake. Riziki alipomfungua mgongoni tulipofika kambini, mtoto alikuwa wa baridi. Nilitaka Furaha asisahaulike. Lakini ndivyo nilivyo: ile rangi niliirekebisha mpaka macho yakaniuma, nikiogopa isije ikaonekana ya kitoto.

Bibi yetu wa Masisi alitufunza kwamba ukiondoka mahali na mtoto mgongoni, umuite kwa jina, roho yake isibaki nyuma. Hilo sikuliweka mchezoni. Lingefichua siri mapema.

Siku moja akaja mama nisiyemjua aliyebeba mtoto mgongoni, amemfunika kwa kitenge hadi kichwani. Akaomba kujaribu mchezo. Aliucheza hadi mwisho bila kukosea hata mahali pamoja. Nani hucheza hivyo mara ya kwanza?

"Papa, humu ndani kuko nani?" akauliza, akigusa mzigo wa mchezoni kwa kidole.

Nilimjibu kwa majivuno kwamba ni siri, wenye akili watagundua.

"Umeacha mutoto ku njia bila kumuita," akasema, "kisha unataka sifa."

Akageuka kuondoka. Niamini: kitenge kilikuwa kimetuna umbo la mtoto, na juu, mahali pa kichwa, sasa kilikuwa wazi. Nilichungulia ndani. Hamkuwa na kitu.

Tangu hapo mama wa mchezoni anakimbia mikono nyuma, hana mzigo. Nikiurudisha, unapotea. Hayo ningeyavumilia. Lakini nilikimbia nyumbani kwa Riziki, ambaye hakuwahi kusali bila kumtaja mwanawe, nikamwambia habari za Furaha. Akanitazama kwa upole.

"Furaha wa nani?"

Hamkumbuki mpaka leo. Ila hutembea ameinama, na akifika nyumbani hufungua kitenge kitupu taratibu, kisha hulia, akiniuliza analilia nini.

Wewe unayetengeneza michezo, ficha maana utakavyo, lakini usifiche mtu wako bila kumuita. Mimi sasa huenda barabara ya Sake, namuita Furaha. Anayeitika ni yule mama aliyekuja kioskini.