Mikono ya Nyuma ya Pazia

"Na mikono ya huku nyuma, nani anaihesabu?"

Mjane mmoja aliuliza hivyo msikitini kwetu Kinama, siku ya kuchagua kamati. Sisi wanawake tulikuwa tumenyoosha mikono nyuma ya pazia, kwa ajili ya mgombea aliyeahidi kufungua tena darasa la wasichana. Mwenyekiti alihesabu upande wa wanaume tu, akamtangaza mwingine.

"Tulia, mama," mwanaume mmoja akasema ng'ambo ya pazia. "Mabwana zenu wameshachagua."

"Wangu alikufa! Alichagulia mu kaburi?"

Tulicheka, kisha tukashusha mikono. Darasa bado lina kufuli.

Kesho yake, kwenye mdahalo chuoni, niliulizwa kama Uislamu unapatana na demokrasia. Nilijibu bila kusita: tuna shura, yaani kushauriana, na Mtume alipokea kiapo cha wanawake kama cha wanaume. Nilipigiwa makofi, yakanichoma. Wakristo waliokuwa ukumbini walinisikiliza mpaka mwisho. Waumini wenzangu hawakuuona hata mkono wangu.

Mzee mwenyekiti, najua gazeti hili unalisoma. Kura ijayo, nakuomba, sogeza pazia ndipo uhesabu.