Meno ya Watoto wa Ain Rmila

Siku ya tatu ya msiba wa Dakta Larusi, alasiri, Sadok Marzugi alisimama mbele ya wanaume waliojaa uani akaanza kumsifu marehemu. Alikuwa mzee sasa, anatembelea mkongojo, lakini sauti ilikuwa ileile ya zamani, alipokuwa mkuu wa ofisi ya maji ya mji: laini kama samli, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Akasema Dakta alikuwa mtu wa watu. Akasema hakugombana na mtu maishani mwake.

"Mimi na yeye, bega kwa bega," akasema, "ndio tuliouletea mji huu maji safi."

Mabruka, mjane wa Dakta, alikuwa chumbani na wanawake wenzake. Yote aliyasikia dirishani.

"Bega kwa bega?" akamuuliza binti yake, Zohra. "Hivyo ndivyo alivyosema?"

Zohra akamshika mkono, akamwambia atulie, wageni ni wengi. Mabruka akatulia, lakini kutulia kwenyewe kulikuwa kwa maziwa yaliyo karibu kufurika. Alikuwa na haki yake.

Larusi alikuja Ain Rmila akitokea Sfax, pwani, kijana wa miaka ishirini na saba, daktari wa meno wa kwanza kupelekwa na serikali katika mji ule wa wachimba migodi. Wiki yake ya kwanza, msichana wa miaka kumi na minane aliingia kliniki amejiziba mdomo kwa ncha ya mtandio, akamtaka amng'oe meno manne ya mbele. Larusi akayatazama. Yalikuwa mazima, magumu kama jiwe, ila yana mabaka ya kahawia kama yamelazwa ndani ya chai. Msichana alikuwa amekataliwa na wakwe wa mji mkuu, Tunis, waliodhani anavuta tumbaku kwa siri.

"Sing'oi jino zima," Larusi akasema.

"Basi nitakwenda kwa yule kinyozi wa sokoni mwenye koleo."

"Nenda. Nitakufuata hukohuko nimnyang'anye hilo koleo."

Msichana huyo ndiye Mabruka. Mwaka uliofuata wakaoana, na miaka yote ya ndoa yao hakuacha kumwita Dakta, hata walipokuwa wawili tu jikoni wanamenya mbaazi.

Haikupita miezi mingi Larusi akang'amua kwamba mji mzima ulikuwa na meno hayohayo, isipokuwa watu waliohamia pale wakiwa wakubwa. Akawa anamuuliza kila mgonjwa amekulia wapi na amekunywa maji gani. Jibu likawa moja: kisima kikuu cha mji, kilicholisha mabomba yote. Maji yake yalikuwa na madini yaliyozidi, na madini hayo humwingia mtoto yakamtia jino doa lingali ndani ya ufizi. Likishaota hivyo, usugue mpaka mkono uchoke, halitoki. Akaiandikia ofisi ya maji. Sadok Marzugi akamjibu kwa barua fupi kwamba maji ya Ain Rmila ni meupe na matamu; wachafu ni watu wake, hawajui mswaki.

Maneno hayo yakageuka sheria. Shuleni watoto walipangwa mstari kila Jumamosi, wakaambiwa wafungue vinywa, na mwenye madoa akachapwa rula viganjani. Zohra alikuwa na miaka tisa alipochapwa, tena mara mbili zaidi ya wenzake, kwa kuwa yeye ni mtoto wa daktari wa meno na hana kisingizio. Mtaani wakamtania baba yake, "Mganga hajigangi!" Larusi alikwenda shuleni akiwa bado na koti jeupe la kazi, akaichukua rula mezani kwa mwalimu, akaivunja vipande viwili. Kisha akamwambia mwalimu kwa upole kabisa afungue kinywa chake mwenyewe. Mwalimu alikuwa mzaliwa wa palepale. Hakukifungua.

Mwaka huo Larusi alichimba uani birika la kukinga maji ya mvua, kama yale ya wazee wa Sfax, akalijengea mfereji kutoka paani. Mabruka alikuwa na mimba ya mtoto wa nne, na Larusi akaapa kwamba mtoto huyo hatakunywa tone la bomba. Ndugu za mke walimcheka, wakasema mtu wa pwani kaingiwa na wazimu wa jua. Munsif akazaliwa, akalelewa kwa maji ya mvua peke yake, na mvua yenyewe kule ni ya kuhesabu. Kiangazi wengine wote wa nyumba ile walikunywa ya bomba ili birika litoshe mtoto mmoja. Alipofika miaka saba meno yake ya kudumu yakaota. Meupe. Mabruka alimketisha kibarazani, akawaita majirani waje watazame. Wanawake walimshika kidevu, wakamgeuza huku na huku, na mmoja wao akalia.

Tangu siku ile wajawazito na wenye watoto wachanga wakawa wanakuja na ndoo. Larusi hakumzuia mtu. Basi ofisi ya maji ikaleta mafundi watatu na karatasi iliyotiwa sahihi na Sadok Marzugi, inayosema birika halina kibali na ni hatari kwa afya ya umma. Wakalimwagia zege mdomoni, Mabruka anatazama. Hatari kwa afya ya umma! Larusi aliporudi kazini hakuvua hata viatu. Aliazima nyundo kwa mchimba migodi wa jirani, akalipasua zege lote. Baada ya mwezi akafukuzwa kliniki ya serikali. Akahamishia kiti chake cha kazi chumba cha mbele cha nyumba yao, na watoto wakalala watatu godoro moja ili wagonjwa wapate pa kungojea.

Ilichukua miaka kumi na mitano zaidi. Wahandisi kutoka mji mkuu walikuja, wakapima, wakayasema yaleyale aliyoyasema yeye tangu ujana wake, na bomba la maji mengine likaletwa kutoka kaskazini. Siku ya ufunguzi Sadok ndiye aliyekata utepe. Larusi hakualikwa. Alikaa nyumbani akimziba jino mwanamke mmoja, na alipomaliza akamwambia Mabruka, "Watoto watakaozaliwa mwaka huu watacheka." Hakumlaani mtu. Huo ulikuwa uungwana wake. Mabruka hakuwa nao, wala hakuutaka.

Kwa hiyo alasiri ile ya msiba alinyanyuka, akapita mbele ya wanaume, akasimama mbele ya Sadok. Munsif alijaribu kumwita kwa sauti ya chini. Hakugeuka.

"Bwana Sadok," akasema, "nani alitia sahihi ile karatasi ya zege?"



"Lalla Mabruka, bibi yangu, leo ni msiba. Mambo hayo yalikuwa ya nyakati zile."

"Nyakati hazina mkono wa kutia sahihi. Nimekuuliza nani."

Sadok aliushika mkongojo wake. Akasema ametekwa na huzuni, akaomba ruhusa, akaondoka. Hakuna aliyemsindikiza hadi mlangoni.

Kesho yake Salha, dada yake Sadok, alikuja na bakuli la kuskusi. Alikuwa mjane naye, na meno yake ya kahawia kama ya wote. Alikaa kitako karibu na Mabruka.

"Watoto wa Sadok hawakunywa maji ya bomba," akasema. "Gari la ofisi lilikuwa linawaletea madumu kutoka chemchemi za Gafsa, kila Jumatatu. Mimi ndiye niliyekuwa nikiyapokea. Aliniambia mke wake ana ugonjwa wa figo."

"Lini hiyo?"

"Zohra wako alikuwa bado ananyonya."

Mabruka akalitua bakuli chini. Kumbe Sadok alijua. Alijua kabla ya rula, kabla ya zege, na dada yake wa tumbo moja akamwacha anyweshe wanawe kisimani.

"Utayasema haya mbele ya watu?"

"Ni kaka yangu, Mabruka."

"Na wale waliokunywa maji ya kisima ni wanao."

Salha aliyasema, Ijumaa ile, kwenye mkutano wa baraza la mji. Baraza lilimsikiliza, likamshukuru, likaendelea na ajenda. Hakuna aliyeitwa kujibu. Sadok bado yu hai, anakwenda mkahawani kila asubuhi, na kuna watu wanaomsogezea kiti. Mabruka akikutana naye njiani, hamwamkii.