Betri Nyuma ya Jiko

Nyumbani kwa Balbaara, mwenye haki ya kukaa nyuma ya jiko ni betri ya gari. Binadamu hukaa panapobaki. Kila jioni, tangu Oktoba hadi Aprili, Balbaara huenda kwenye jipu lake kuukuu, huibandua betri kwa vidole vinavyouma hata ndani ya glavu mbili, kisha huipakata hadi ndani na kuiweka kati ya kuni na gunia la unga. Baridi ya Yakutia, huko Siberia, haina masihara. Betri iliyoshiba huistahimili kiasi. Yenye njaa ikiachwa nje, maji yake huganda na ubavu wake ukavimba.

Mumewe ndiye aliyemfundisha, na tangu alipomzika mwaka jana, Balbaara amebaki katika kambi yao ya ufugaji porini na farasi arobaini, ng'ombe mmoja wa maziwa, na jirani mmoja aitwaye Kupriyan, mtu wa maneno.

"Mama, unaibembeleza hiyo betri kuliko ulivyombembeleza marehemu," Kupriyan alimwambia siku moja.

"Marehemu alikuwa na miguu. Alikuja jikoni mwenyewe."

Kambini hakuna simu. Kuna redio ya mawasiliano mezani, nayo hula betri ileile. Kila asubuhi na kila jioni, kijiji cha Ebir, kilometa sabini kutoka pale, husoma hali ya hewa na salamu za watu walio makambini. Msomaji ni Aanchik, mdogo wake Balbaara, tumbo moja.

Ndugu hao walikuwa hawasemezani. Siku ya matanga Aanchik alimwambia dada yake auze farasi, wakaishi wote kijijini, kwani huko porini atakufa peke yake. Balbaara akajibu mbele za watu, "Wewe ambaye hujalea hata paka ndiye wa kunifundisha kuishi? Usiniite dada tena." Aanchik alikuwa amezaa mara mbili na kuzika mara mbili, na mara zote mbili Balbaara ndiye aliyekuwa amemshika mkono. Ulimi hauna mfupa, lakini siku ile ulivunja mfupa. Balbaara aliyakumbuka maneno yale kila alipokoka moto, akaona aibu, na aibu yenyewe ikamfunga mdomo.

Hakusema neno, ila alisikiliza. Aanchik akimaliza hali ya hewa, Balbaara aliiacha redio ikikoroma, pengine mdogo wake angesema jambo jingine, au angekohoa tu.

"Saa nzima redio inawaka na hujasema kitu," Kupriyan alimwambia alipokuja kuaga. "Unasikiliza nini?"

"Hali ya hewa."

"Hali ya hewa dakika mbili inaisha. Itakunywea betri hiyo. Na jenereta naondoka nayo, nakwenda ziwani kutega nyavu siku nne. Utaweza bila hiyo?"

"Betri ni yangu. Nenda kavue."

Kupriyan akaenda zake na gari lake, na jenereta waliyoichangia wote wawili, ndiyo pekee ya kuchajia betri.

Siku ya pili yake hali ya hewa ilisomwa na sauti ya msichana mgeni. Balbaara aliiacha redio ikiwaka mchana kutwa. Jioni yule msichana akasema, "Ujumbe kwa Balbaara wa kambi ya farasi. Aanchik anapelekwa mjini kupasuliwa moyo. Ndege inaondoka kesho kutwa saa nane mchana. Anaomba uje umwone kabla."

Balbaara alishika kisemeo cha redio, kile cha kubonyeza ukitaka kusema, kisha akakirudisha. Mambo ya ndugu hayasemwi redioni, bonde zima linasikiliza. Angekwenda mwenyewe, amwombe msamaha macho kwa macho. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye alikuwa tayari kuinama, ila si hadharani.

Asubuhi ilikuwa digrii hamsini na nne chini ya sifuri. Alisukuma karai la makaa chini ya injini, akaliacha saa moja, akafunga betri, akapiga stata. Injini ikaguna mara mbili kama mzee anayeinuliwa kitandani, ikanyamaza. Akapiga tena na tena, mpaka hata mguno ukaisha. Betri ilikuwa imeliwa na redio.

Ndipo alipofanya kosa la mtu aliyechanganyikiwa. Aliiacha betri ndani ya jipu, akashika kamba, akawafuata farasi mtoni ili amkamate yule wa kupanda. Farasi wakamzungusha kwenye theluji mpaka jua likazama. Aliporudi mikono mitupu, betri ilikuwa jiwe, ubavu umetokeza.

Aliiweka nyuma ya jiko, akakaa mbele yake. Alitamani kuisogeza karibu zaidi na moto, lakini alijua ingepasuka. Barafu haiharakishwi, wala haielewi kwamba mtu anasubiriwa. Balbaara, aliyewahi kuzalisha farasi kwa mikono yake, hakuwa na la kufanya kwa mikono ile isipokuwa kuipangusa betri jasho.

Siku ya ndege, saa nne, maji ya betri yalikuwa yameyeyuka. Haikupasuka. Ya kuwasha gari haikuwa tena, hilo alilijua. Akaiunganisha na redio, angalau aseme kilichompata. Taa ya kijani ikawaka, hafifu. Akabonyeza kisemeo. Taa ikazimika. Akaachia, ikarudi. Kusikia, nguvu ilitosha. Kusema, haikutosha. Akaacha kubonyeza ili ipumzike, ipate ijapo nguvu ya neno moja.

Saa sita redio ikakoroma, na sauti aliyoijua kuliko yake ikatoka, imechoka.

"Dada. Ni mimi. Wamenileta hapa redioni mara moja, gari la kiwanjani linanisubiri."

Balbaara alisimama.

"Nilidhani utakuja. Labda baridi. Labda hutaki, sijui. Sikulaumu, dada. Kama unanisikia, bonyeza tu. Huna haja ya kusema. Nikisikia mlio tu, nitajua yamekwisha, niende kwa amani."

Balbaara alibonyeza. Taa ikazimika. Akaachia, ikarudi. Akabonyeza tena kwa vidole gumba vyote viwili, kwa nguvu, kana kwamba nguvu ndiyo iliyokosekana. Giza. Akaachia.

"...kimya," alikuwa akisema Aanchik kwa mtu wa pembeni. "Ngoja kidogo. Nipe dakika moja tu."

Dakika ile ilipita yote. Balbaara alibonyeza na kuachia, akabonyeza na kuachia, na machozi yakimwangukia mikononi.

"Basi, dada," ikasema redio. "Nimeelewa."

Kikatoka kishindo kidogo cha kisemeo kikiwekwa mezani. Balbaara aliendelea kubonyeza, akisema kwa sauti kubwa ndani ya nyumba kwamba ni betri, Aanchik, ni betri tu, mdogo wangu.