Kibuyu Kilichosukwa Katika Nyumba Isiyo na Ng'ombe

Kilichowashangaza majirani kwanza ni sauti. Asubuhi na mapema, na tena jua likielekea kutua, nyumbani kwa Rénovat mfyatua matofali ilisikika sauti ambayo kila Mrundi wa makazi ya wakimbizi ya Katumba anaijua tangu alipokuwa mgongoni mwa mama yake: maziwa yakisukwa ndani ya kibuyu. Ila Rénovat hakuwa na ng'ombe. Hakuwa hata na mbuzi.

"Mama Aurélie," jirani mmoja aliuliza kutoka upande wa pili wa ua, "mnasuka nini humo?"

"Namsuka mume wangu," Generosa alijibu bila kuacha kutikisa.

Niliisikia sauti hiyo asubuhi yangu ya kwanza pale. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa nimekuja na treni ya Mpanda kutoka Tabora, nikikusudia kushuka hadi Kapalamsenga kuliona ziwa, na lori lililosemekana kuondoka kesho yake lilikuwa na kesho nyingi. Rénovat akanipa chumba cha uani. Katika miji mingi niliyopita nimekuwa mtu wa kuaga mapema. Pale, lori lilipopatikana, nililiacha liende, kwa sababu nilitaka kuona mambo ya kile kibuyu yataishia wapi.

Rénovat aliikimbia Burundi mwaka 1972 akiwa kijana, na ufundi wake akaupatia Katumba. Kuta za shule, za makanisa na za nyumba nyingi za eneo lile zilipitia mikononi mwake zikiwa bado udongo mbichi. Enzi zake, walinisimulia, alikuwa akipanda juu ya tanuri akiimba, akapanga safu ya mwisho ya matofali huku moshi unamfukuza kila mtu mwingine. Baadaye akawa na vijana wa kufyatua, naye akawa wa kusimama na kusimamia, mtungi wa pombe ya ndizi ukiwa kivulini na mrija wake ndani. Tumbo likatangulia. Ikaja kiu isiyokatika hata mvua ikinyesha, miguu ikafa ganzi, na mwisho akashindwa kupanda tanuri lake mwenyewe. Hilo ndilo lililompeleka zahanati. Kiu angeivumilia.

Muuguzi pale alikuwa Josefina, dada wa Kipimbwe kutoka Kibaoni, mwenye maneno machache na kicheko kikubwa. Alichukua matone ya mkojo, akayachanganya na dawa ya bluu ndani ya kichupa cha kioo, akakichemsha juu ya moto wa spiriti. Bluu ikageuka kijani, kijani ikawa njano, na njano haikutulia hapo.

"Mzee, unaiona rangi hii?"

"Naiona, mwanangu. Limeiva vizuri hili. Tofali la namna hii ningelinunua."

"Ni mkojo wako huo. Dawa ikibaki bluu, huna sukari. Wewe umefika kwenye tofali."

Akampa vidonge, akamkataza pombe, akamwambia apunguze uzito. Hapo ndipo makopo yalipoingia. Dada yake Rénovat, Médiatrice, ambaye ukimbizi ulimfikisha mbali zaidi, alikuwa muuguzi Ubelgiji. Aliposikia habari za kaka yake alimpa padre mmoja aliyekuwa anarudi Tanzania makopo ya unga, sanduku zima. Ni unga wa wagonjwa kama yeye wanaotaka kupungua: unakorogwa kwenye maji na maziwa kidogo, unatikiswa sana, unanywewa badala ya mlo. Generosa hakuwa na chombo cha kutikisia zaidi ya kibuyu cha mama mkwe wake, kilichotoka Burundi kikiwa kitupu na hakikuwa kimeona maziwa tangu siku hiyo. Akakaa chini, akakilaza mapajani, akasuka.

Rénovat alikunywa kwa nidhamu asubuhi na jioni. Mwezi ulipokwisha akapanda mizani ya zahanati, na sindano ikaenda mbele zaidi ya mwanzo.

Josefina aliitazama mizani, akamtazama yeye. "Mzee, ukishakunywa hii, unafanya nini?"

"Nakula."

"Unakula nini?"

"Chakula. Ugali wa muhogo, maharage, ndizi kidogo. Mtu atalala na kinywaji tumboni?"

"Lakini kopo linasema ni badala ya mlo! Si uliniambia unajua Kifaransa?"

"Najua, na nimesoma. Lakini tazama picha." Akaligeuza kopo. Pembeni pamechorwa sahani yenye vipande vya mkate na jani la kabichi. "Hii inachukua nafasi ya mkate. Mimi mkate sili. Kuhusu ugali, hawajasema kitu."

Josefina alicheka mpaka akaegemea kabati la dawa. Alipopata pumzi alisema, "Kuanzia leo kopo linasema ninachosema mimi. Asubuhi kibuyu, jioni kibuyu. Mchana ugali wa ukubwa wa ngumi, mboga za majani nyingi. Na ngumi ni ya Mama Aurélie, si yako." Hakuishia hapo. Alikwenda Mpanda mjini kumuuliza daktari, akarudi na amri ya kupunguza vidonge, maana mtu anayekula kidogo akimeza dawa ileile sukari inaweza kushuka ikamwangusha. Akamfundisha dalili: kutetemeka, jasho la ghafla, njaa ya kichaa. Basi mtu aliyekatazwa sukari akawa anatembea na sukari mfukoni, imefungwa kwenye kipande cha karatasi, na kila aliyemkuta akimwonyesha kama kitambulisho.

Mzaha haukukosekana. Gaudensi, rafiki yake wa tangu safari ya ukimbizi, mtu ambaye mdomo wake haujui likizo, aliliona kopo na kuamua kwamba ni maziwa ya watoto wachanga.

"Jamani, Rénovat kazaliwa upya! Bado kuota meno tu."

"Nyie chekeni," Rénovat alijibu. "Mimi nitawazika wote nikiwa na meno yangu."

Akaanza kupungua kweli. Kwanza shingo ilijitokeza, kitu ambacho watoto wake wadogo hawakuwahi kukiona. Kisha mkanda wa suruali ukahitaji tundu jipya, akalitoboa kwa msumari uliochomwa motoni. Kichupa cha Josefina kikarudi kutoka kwenye tofali hadi kwenye njano, na kutoka njano hadi kijani cha jani changa. Bluu bado. "Karibu," Josefina alimwambia. "Usinivunjie kazi yangu."

Ndipo zikaja habari kwamba wakwe wanakuja.

Aurélie, binti mkubwa, alikuwa amependana na Arcade, kijana mpole mwenye bustani ya vitunguu ng'ambo ya mto. Kwa Arcade hakukuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa baba yake, mzee Salvatori, mkulima wa tumbaku aliyeshika mila kama alivyoshika jembe. Kwa Warundi, wakwe wakija, mwenye nyumba huonja kinywaji kwanza mbele yao, kisha mgeni huweka mrija wake katika mtungi uleule. Ndivyo wanavyoambiana kwamba hakuna sumu kati yao, ya kwenye mtungi wala ya moyoni. Na mtungi hauachwi katikati. Hunywewa mpaka mirija ikorome chini, kisha unaletwa mwingine. Salvatori alishawahi kusimama na kuondoka na ukoo wake wote kwenye nyumba ambayo baba wa binti alionja kwa ncha ya ulimi tu. Uchumba ule ulikufa palepale.

Aurélie alizijua habari hizo. Jioni ile alikaa karibu na baba yake akimenya maharage ambayo hakuna aliyemwambia ayamenye.

"Baba, si uonje funda moja tu? Dada Josefina hatakufukuza."

"Mwanangu, mimi na mrija hatujawahi kuagana kwa funda moja. Nikianza, utanikuta chini ya mtungi. Na kesho yake nitakuwa tofali."

"Na usipoonja?"

Rénovat alichota maharage kiganjani, akaanza kumenya naye. Aurélie akaendelea kumenya.

Gaudensi, ambaye ndiye angekuwa msemaji wa nyumba siku hiyo, akaleta dawa yake: Rénovat aweke mrija mdomoni, abonyeze mashavu, afumbe macho kwa utamu, asivute kitu. Wakafanya mazoezi uani kwa mtungi wa maji. Rénovat alikunja uso, akapeleka mashavu ndani, akavimbisha macho. Generosa aliacha kusuka ili amtazame vizuri.

"Unaonekana kama kambale aliyetupwa mchangani," alisema. "Salvatori atakimbilia kukurudisha mtoni."

Tulicheka sote, hata Aurélie, lakini hakukuwa na mpango mwingine.

Siku ilipofika, sebule ilijaa. Wanaume wa Salvatori walikaa upande mmoja na makoti yao mazito, wa Rénovat upande wa pili. Salvatori mwenyewe alikuwa mrefu, mwembamba, amejishikiza kwenye fimbo iliyong'arishwa kwa mafuta. Katikati ulikaa mtungi wa pombe ya ndizi, povu limefika shingoni. Nimekaa kwenye mabaraza ya posa ya makabila kadhaa na kwa lugha kadhaa, na popote pale wageni hujifanya wamekuja kwa jambo jingine kabisa. Warundi hujifanya wamepotelewa na mtamba wa ng'ombe.

"Tumefuata nyayo," Salvatori alisema kwa sauti ya taratibu. "Mtamba wetu mzuri, mwenye macho makubwa. Nyayo zimeingia kwenye ua huu."

Gaudensi aliinuka kwa madaha. "Poleni sana kwa msiba wa mifugo. Lakini mmepotea njia. Nyumba hii haina ng'ombe. Haijawahi kuwa na ng'ombe. Muulizeni yeyote."

"Tumeuliza," Salvatori akasema. "Njiani wametuambia kwamba humu kibuyu kinasukwa kila siku, asubuhi na jioni. Kama hamna ng'ombe, mnasuka nini?"

Upande wake ukalipuka kwa vicheko na makofi. Lilikuwa pigo zuri, la mtu anayejua mchezo, na Gaudensi alijua kujibu mapigo ya namna hiyo. Lakini Gaudensi alijua pia kilichokuwa ndani ya kibuyu. Alifungua mdomo, akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza Katumba kumwona hivyo.

Rénovat alitazama mtungi. Mrija wake ulikuwa tayari mkononi. Alimtazama Aurélie, aliyesimama kwenye mlango wa ndani na khanga imemfunika nusu ya uso. Kisha akauweka mrija chini.

"Mama Aurélie," alisema, "lete kibuyu."

Gaudensi alishika kichwa. Generosa alikileta, bado kina povu la asubuhi.

"Baba Arcade," Rénovat akaendelea, "umeuliza tunasuka nini. Ninasukwa mimi. Nina ugonjwa wa sukari. Nilikuwa nimejifunza kukudanganya. Nilikuwa niweke mrija kwenye mtungi huu nivute upepo, na mke wangu anasema nafanana na kambale." Mtu mmoja upande wa wageni alikohoa ili asicheke. "Mtungi huu ni wenu, mzuri, ameutengeneza mama mwenye nyumba na ameuonja yeye. Mimi ninachokunywa ni hiki, asubuhi na jioni, ili nimwone binti huyu akiolewa na nione atakaowazaa. Siwezi kuonja mbele yako kitu nisichokunywa. Hiki naweza."

Akachukua mrija, akautumbukiza kwenye kibuyu, akavuta. Alivuta kwa muda mrefu, na safari hii mashavu yake hayakuigiza.

Salvatori alinyanyuka kwa fimbo yake, na nilimwona Aurélie akifumba macho. Mzee alipiga hatua mbili, akainama, akachukua mrija mwingine, akauingiza kwenye kibuyu kando ya ule wa Rénovat. Akavuta. Alikaa na kile kinywaji mdomoni kama mtu aliyeambiwa siri nzito. Akameza kwa shida.

"Mkwe," alisema mwishoni, "kinanukia biskuti na kina ladha ya ukuta uliopakwa chokaa jana."

"Ndiyo."

"Na unakunywa kila siku?"

"Mara mbili."

Salvatori akawageukia watu wake. "Nilikuja kutazama kama watu wa nyumba hii wana moyo. Mtu anayeweza kunywa kitu hiki mara mbili kila siku kwa ajili ya watoto wake, mimi sina swali tena kwake. Mtamba wetu tumemwona, amesimama pale mlangoni." Akarudi kwenye kiti chake. "Ila sasa, kwa heshima zote, mnisogezee mtungi. Nisafishe kinywa."

Kelele zilizofuata zilisikika mpaka stesheni. Gaudensi alirudishiwa ulimi wake na hakuupumzisha hadi jioni. Wanawake walipiga vigelegele, Generosa akacheza na kibuyu begani, na Rénovat akakaa kando ya mkwe wake akinywa chake, kila mmoja akimsifu mwenzake kwa kinywaji asichokitaka.

Niliondoka siku chache baadaye, nikaliona ziwa, nikapita tena Katumba wakati wa kurudi, msimu wa kiangazi ukiwa umekolea. Makopo yalikuwa yamekwisha. Asubuhi Rénovat alikunywa maziwa ya mgando ya kununua, bila sukari, na ngumi ya mkewe ndiyo iliyopima ugali. Josefina aliniambia, kabla sijamuuliza, kwamba kichupa kimebaki bluu. Aliitamka bluu kama jina la mtoto wake.

Nilimkuta Rénovat kwenye tanuri. Lilikuwa tanuri la nyumba ya Aurélie na Arcade, zawadi yake kwao. Vijana walikuwa chini wakirusha matofali mabichi juu, na juu kabisa, suruali imefungwa kwa mkanda uliojaa matundu, alisimama yeye akiyadaka na kuyapanga, akiimba. Salvatori alikuwa amekaa chini kwenye gogo, amekuja kukagua nyumba ya mwanawe, akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Tofali la mwisho lilipokaa mahali pake, Rénovat alipiga hatua mbili za ngoma kulekule juu.

"Shuka, wewe!" Generosa alipiga kelele. "Utawabomolea watoto nyumba kabla haijajengwa!"

"Mwache," alisema Salvatori. "Siku hizi hana uzito wa kubomoa kitu."

Juu ya tanuri, Rénovat akaongeza hatua ya tatu.