Mwisho wa Tunu, kama Ulivyosimuliwa Chang'ombe

Ukitaka kumkasirisha Emiliana, mwambie saluni yake ni mahali pa umbea. Atakutolea macho, kitana mkononi, akuulize ni saluni gani nyingine Dodoma nzima ambako mtu anasukwa yeboyebo huku kitabu kinasomwa. Na hapo hasemi uongo. Pale Chang'ombe kwa Emiliana sheria ni moja: anayesukwa ndiye anayesoma. Mikono yake si iko bure? Basi asome kwa sauti, walio kwenye foleni wasikie, na aliye chini ya draya akaze masikio.

Tabia hiyo alitoka nayo kwao Chemba, kwa bibi yake, ambaye hakuwahi kumsuka mtu bila hadithi. Kwao wanasema ile lugha ya kupiga ulimi kaakaani, na Emiliana akifika mahali pa kofi hupiga ulimi hivyo, ta! mpaka wateja wanashika mashavu.

Vitabu vyenyewe huvikata vipande kwa wembe. Usimlaumu. Wateja wote wanakitaka kitabu kimoja kwa wakati mmoja, na kizima kikiazimwa hakirudi ng'o. Kipande kimoja kinasomwa saluni, kingine kimelala kwa mtu. "Kitabu ni kama mkate," husema. "Ukikiacha kizima, utakula peke yako."

Katika vyote alivyowahi kuvikata, kipenzi chake ni Mgeni wa Saranda, cha Bi. Lea Kihwele. Alikiokota kwenye mitumba ya Sabasaba, kimechoka, jalada halipo. Humo kuna Tunu, binti aliyeozwa kwa mkuu wa stesheni aitwaye Gaudensi, jitu lisilo na haya, linalomnyima hata kumshika mwanawe wa kumzaa. Siku waliposoma Gaudensi anamfungia mkewe nje kwenye mvua, saluni nzima ilimtukana, na Emiliana alimsuka mteja mistari mitatu kuelekea upande usio wake.

Sasa, kipande cha mwisho kilichukuliwa na Shakila, aliyeapa kukirudisha kesho yake. Kesho yake mumewe akahamishiwa Bahi, Shakila akaondoka nacho. Emiliana hakukubali. Alipanda gari mpaka Bahi, akadandia bodaboda, akamkuta Shakila barazani anauza karanga. Karanga zimefungwa kwenye vikaratasi. Vikaratasi vya nini? Afadhali usiulize. Emiliana alinunua zote zilizobaki, akazifungua moja moja mapajani, akaambulia nusu ukurasa: Tunu amepanda treni, amekaa dirishani, anaiona stesheni ikirudi nyuma, na... Basi. Kilichofuata kilikuwa kimeondoka na walaji.

Huku nyuma wateja wanangoja. Ritha, karani wa Bungeni mwenye mdomo usiojua likizo, alimdaka mlangoni aliporudi. "Enhe! Imekuwaje?" Shingo zote zikageuka. Emiliana akawatazama, akaona hawezi kuwaachia Tunu wao dirishani hivihivi. Mdomo ukamponyoka. Akasema Tunu alishuka. Treni haijachanganya mwendo, Tunu akaruka, viatu vikabaki, akarudi peku juu ya kokoto za reli, akamzaba Gaudensi kofi, ta! akambeba mwanawe, akaenda zake.

Vigelegele vyake! Ritha alilia mpaka wanja ukamshuka. Tangu hapo huo ndio ukawa mwisho, na Emiliana akabaki na siri yake tumboni: yeye mwenyewe hajui Tunu aliishia wapi. Ilimkera, jamani. Mwandishi unayempenda kuliko wote, na kitabu chake hujakimaliza! Alikitafuta kila duka, akaambiwa hakichapwi tena.

Basi siku moja Ritha akaja na simu hewani. "Dada Emi! Bi. Lea Kihwele anakuja! Jumamosi, maktaba, anaongea na wasomaji wake!"

Emiliana alidondosha kitana. Alicheka, akakaa, akasimama, akamkumbatia mteja mwenye dawa kichwani. Bi. Lea, ana kwa ana! Angemuuliza mwenyewe, kwa mdomo wake. Halafu Ritha akaongeza, "Tunaenda wote. Mimi nitampongeza kwa ule mwisho."

Furaha ikaganda. "Ritha, watu wazima wale hawapendi maswali."

"Langu atalipenda."

Sikio la Ritha lilikuwa limeshakufa, dawa halisikii. Emiliana akajipangia: atawahi, atambana Bi. Lea pembeni, atamnong'oneza amweleze mwisho, na atamwomba amfichie aibu. Jumamosi, siku ambayo wasusi wote wanavuna, akafunga saluni. Mumewe, Noeli, alimuuliza kama kuna msiba.

"Bado," akajibu, akafungasha vipande vyake kwenye kanga.

Alifika mapema, kweli. Lakini Bi. Lea aliingia amezungukwa na wenyeji wake, akapelekwa moja kwa moja mezani mbele. Alikuwa bibi mdogo wa umbo, miguuni raba nyeupe, na kichwani, Mungu wangu, twende kilioni! Ule msuko wa haraka haraka ambao mtu husuka akipata taarifa ya msiba. Emiliana alitabasamu mpaka mashavu yakamuuma. Yule aliyemwandika Tunu, kumbe naye ana kichwa cha kusukwa kama watu. Tena mistari imepinda. Nani kamfanyia hivi mama wa watu?

Bado anaikagua ile mistari, wakafungua maswali. Ritha akawa wa kwanza kusimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi sina swali. Nina asante. Pale Tunu alipoiruka treni, akarudi peku, akamtandika Gaudensi, akamchukua mwanawe! Nililia, mama. Saluni nzima tulilia."

Emiliana alitamani sakafu imeze kiti chake. Ukumbi ukaanza kunong'ona. Waliosoma kitabu kizima walikuwa wanatazamana. Bi. Lea akavua miwani polepole.

"Tunu alishuka?" akauliza.

"Si alishuka?" Ritha akageuka. "Dada Emi?"

Kukimbia aibu ni kuisogeza tu. Emiliana akasimama, kanga kifuani. "Shikamoo, mama. Mwisho ule ni wa kwangu. Wa kwako ulifungiwa karanga Bahi."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Ritha alishika kichwa. Bi. Lea peke yake hakucheka. "Katika kitabu changu hashuki," alisema. "Treni inakwenda Kigoma naye, na hakuna anayemwona tena." Akaiweka miwani mezani. "Wasomaji wamenigombeza miaka na miaka kwa nini sikumrudisha. Sikuweza. Mama yangu alipanda treni nikiwa mtoto. Nilikuwa naenda stesheni kila inapoingia, naangalia wanaoshuka. Sikujua namna ya kuandika kitu ambacho sikukiona."

Vicheko vikakatika. Emiliana akajiona mjinga na mwizi, amechezea msiba wa mtu kumbe. "Nisamehe, mama."

"Nikusamehe nini? Hebu rudia pale aliposhuka."

Emiliana akarudia, kuanzia dirishani, hadi kwenye kokoto, hadi kwenye kofi. Ta! Bibi akashika shavu. Kisha akauliza, "Kesho asubuhi unafungua? Nasafiri mchana, na hiki kichwa hakifai."

Jumapili Emiliana hafungui, lakini wewe ungefanyaje? Saluni ilijaa mpaka nje. Ritha alikuwa ameshanuna, akanuniana na ukuta, akasahau. Yaani alikuja na chupa ya chai na vitumbua, kwa sababu hasira yake haijawahi kufika asubuhi. "Mwongo mkubwa," alimwambia Emiliana, akamsogezea kiti Bi. Lea.

Emiliana alifumua ile mistari iliyopinda, akatia mafuta, akaanza upya. Nywele zilikuwa laini na chache, na mikono yake, iliyosuka nusu ya Chang'ombe, ilikwenda polepole. Bi. Lea akaona vipande mezani. "Hivi mnavifanyia nini?"

"Anayesukwa ndiye anayesoma," wateja wakaitikia wote.

Bibi akavaa miwani, akasoma. Alisoma mvua, akasoma mlango uliofungwa, na Gaudensi akatukanwa upya kana kwamba ametenda jana. Mwisho akafika kwenye kile kikaratasi cha Bahi chenye madoa ya karanga. Tunu amepanda treni, amekaa dirishani, anaiona stesheni ikirudi nyuma, na...

Hapo karatasi inaisha. Kilichofuata yeye alikijua, alikiandika mwenyewe. Mkono wa Emiliana ukasimama katikati ya mstari.

"Na akashuka," Bi. Lea alisema. "Peku. Mtoto alikuwa palepale, maana alikuwa haondoki stesheni. Akamwambia, 'Mama, umechelewa.' Halafu akamshika nguo, hakuiachia."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Ritha akamimina chai, akampa bibi.