Siafu Waliopita Kwenye Tente Yetu

Parokia yetu ya Katoyi, mjini Goma, ilitupeleka familia chache kulala kwenye tente kule kisiwani Idjwi, katikati ya miti. Asubuhi moja tukinywa chai, siafu walitokea, mstari mweusi mnene kama kamba ya kufungia ng'ombe, wanaelekea moja kwa moja kwenye tente yetu. Wanaume wakakimbilia petroli ya boti wawamwagie.

Nikasimama mbele ya wale wanaume. Mimi ni mutoto wa Masisi. Kwetu siafu hawafukuzwi. Wanafunguliwa mlango, wanasafisha nyumba, halafu wanajiendea. Nikatoa chakula, nikafungua tente mbele na nyuma, nikawaambia wote wakakae mbali kwenye mawe.

Mama mkwe wangu, mtu wa Bukavu, akacheka. "Ninyi watu wa milima munaishi na wadudu."

Mama mkwe hajibiwi, ingawa ulimi uliniwasha.

Siafu waliingia, wakakawia ndani. Walipotoka upande wa pili walikuwa wanakokota mende, wale wekundu wa jikoni, mmoja nyuma ya mwingine. Tulifuata mstari wa mende kwa macho mpaka ulikoanzia ndani ya tente: kwenye kikapu cha mama mkwe, kile alichokipanga mwenyewe nyumbani Goma. Nilikunywa chai yangu polepole, na sijawahi kunywa chai tamu kama ile.

Mwishowe yeye mwenyewe akakohoa.

"Mutoto wa Masisi," akaniambia, "wakimaliza kikapu, uwaonyeshe na valizi yangu ya nguo."