Kikohozi Kilichoachwa

Jirani wa ghorofa ya juu, anapochopoa sauti kutoka kwenye video za watu, hufumba macho na kubana hedifoni kwa viganja. Paka wake akipanda kibodi humshusha bila hata kumtazama. Siku moja mjane wa ghorofa ya chini alimletea video ya marehemu mumewe. Picha ilikuwa imeharibika, sauti imebaki. Jirani akaichopoa, akaigeuza iwe faili linalokubali kwenye simu ya mjane, akapunguza kidogo kidogo mvumo wa feni ulioingia kwenye rekodi. Alipofika kwenye kikohozi cha marehemu, akamgeukia mjane aliyeketi kando yake.

"Na hiki nikitoe, mama?"

"Kiache, mwanangu. Ndivyo alivyokuwa akianza kunitania."

Akakiacha. Akamkabidhi simu, akatoka chumbani mwake, akaurudisha mlango polepole, ili mama wa watu amsikilize mumewe kwa nafasi.